Macho Makavu wa Dirisha la Vifo

Ofisi yetu ilikuwa na madirisha mawili ya kuhudumia watu. Kushoto walipanga foleni wanaoandikisha watoto waliozaliwa, kulia wanaoandikisha waliokufa, na katikati palikuwa na benchi moja lililogombaniwa na wote, kwa hiyo ungemkuta mama mwenye kichanga cha wiki mbili amebanana na mjane. Mimi nilikuwa karani wa faili: kupanga, kupoteza, na kutafuta nilichopoteza. Dirisha la vifo lilikuwa la mpiga chapa mmoja ambaye sisi wenzake tulimwita Macho Makavu.

Jina hilo tulimpa kwa chuki, sitaki kulipamba. Ukiongea naye alikukodolea macho mdomoni, hapepesi, mpaka ujihisi umesahau kujifuta baada ya kula. Ukimsalimia kwa nyuma hakuitikia. Simu ya mezani ilipolia aliendelea kuchapa kana kwamba inalia nyumba ya jirani, na ukija mbele yake ukamwambia apokee, alijibu, "Simu si kazi yangu," kwa sauti ya juu, kavu, isiyopanda wala kushuka.

"Anajiona huyo," tulisema. "Amekaa hapa miaka kumi na tisa, anadhani ofisi kaachiwa na babake."

Bingwa wa kumwiga nilikuwa mimi. Siku moja nilisimama pembeni ya kabati, yeye akiwa mbali kule dirishani, nikawaonyesha wenzangu anavyotembea: shingo imesimama wima, kama mtu, niliwaambia, aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tulikuwa watu wa namna hiyo. Kumi na mmoja, wote tumesoma, na burudani yetu kubwa ilikuwa shingo ya mwenzetu.

Kilichotuudhi zaidi ni kwamba kazi yake haikuwa na doa. Mtu akimtajia jina, hata liwe refu namna gani, aliuliza mara moja tu, akautazama mdomo, akachapa. Cheti chake hakikuwahi kurudishwa. Vyetu vilirudi kila wiki, tukawalaumu wateja kwamba hawajui majina ya wazazi wao.

Mkuu wa ofisi alikuwa na sababu yake ya kumchukia. Mkuu alijiona mchekeshaji. Alikuwa na mazoea ya kusimama ametupa mgongo, mikono nyuma, akitazama nje, halafu anatoa kichekesho chake, na sisi tunacheka kwa zamu kama walioandikiwa. Macho Makavu hakucheka hata siku moja. Mkuu aligeuka, akahesabu meno yaliyo nje, akakuta ya mmoja hayapo. Mtu wa aina yake anaweza kukusamehe wizi, lakini hilo hakusamehe.

Basi yakaja maradhi yale, na barakoa zikaja nayo.

Mkuu wetu alizaliwa upya. Alichapisha matangazo kwa herufi kubwa: HAKUNA BARAKOA, HAKUNA HUDUMA. Akayabandika mlangoni, ukutani, kwenye benchi, mpaka chooni, ambako hakukuwa na huduma yoyote hata kabla ya maradhi, maana maji hayatoki. Kila asubuhi alisimama getini na kile kipima joto, anawaelekezea watu kwenye paji la uso kama anataka kuwamaliza. Nilimwona akimrudisha bibi kizee aliyejiziba kwa mtandio. "Mtandio si barakoa, mama. Sheria ni sheria." Bibi aligeuka, akarudi alikotoka kwa miguu, na cheti cha mumewe hakupata siku ile.

Akishamaliza ushujaa wake, Mkuu aliingia chumbani mwake. Chumba hicho kilikuwa mwisho wa ukumbi, ukuta wake wa kioo kitupu, alioujengesha mwenyewe ili atuone tukizembea. Mlango ukifungwa tu, barakoa inateremka kidevuni, inabaki hapo kama kitambaa cha mtoto anayelishwa. Kutwa nzima anaongea na simu akiwa hivyo.

Sisi tuliobaki hatukuwa na nafuu. Mmoja aliivaa chini ya pua, kwa maelezo kwamba pua yake ni nyembamba. Mwingine, naapa, aliivua ili apige chafya, kisha akaivaa tena, maana hakutaka ichafuke. Mtu pekee aliyeivaa sawasawa, tangu kufika mpaka kuondoka, alikuwa tarishi. Huyu alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, aliyezungusha mafaili kutoka chumba hadi chumba, na mkewe alimshonea barakoa mbili za kitambaa cha bluu, moja mwilini, moja kwenye kamba. Zilipigwa pasi.

Tarishi alikuwa na desturi ya kupita mbele ya meza ya Macho Makavu kila asubuhi na kumwambia, "Umeamkaje, dada?" Yeye aliitikia, na kwake tu alitabasamu kidogo. Barakoa zilipoanza, akaacha kuitikia. Tarishi alisimama pale siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaja kwangu ameduwaa.

"Nimemkosea nini yule dada?"

"Hujamkosea," nikamwambia. "Ndivyo alivyo. Wewe ulikuwa hujapangiwa zamu tu."

Nami alianza kunifanyia visa. Nikimwendea na swali, ananitazama barakoa, kisha ananisukumia kikaratasi na kalamu. "Andika."

"Niandike nini? Kwani mdomo wangu unanuka?"

"Andika," anarudia, kwa sauti ileile.

"Andika mwenyewe, una mikono." Nikaondoka. Sikuandika. Niliwasimulia wenzangu, na tulipata cha kutafuna kwa wiki nzima. Alikonda wakati ule. Tukasema kiburi kinamla.

Halafu ikaja siku ya yule kijana wa koti la kijivu. Alifiwa na baba yake, na majina yao yalitofautiana kidogo sana, maana kijana alirithi la baba. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa na mwandiko kama kuku kaparura, majina mawili mstari mmoja, bila kusema yupi kafa. Macho Makavu aliuliza, "Marehemu ni nani?" Kijana akajibu, ndani ya barakoa, nyuma ya ile nailoni tuliyoning'iniza dirishani, huku akilia. Akaulizwa tena. Akajibu tena. Mara ya tatu foleni ikaanza kuguna, mtu akapiga kelele kwamba marehemu watafufuka kabla hawajaandikishwa. Macho Makavu akamtazama kijana machoni kwa muda, akainama, akachapa.

Baada ya siku tatu kijana alirudi na cheti mkononi. Alikuwa mstaarabu, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya.

"Samahani, dada, naomba kuuliza. Huyu aliyekufa hapa ni mimi?"

Foleni yote ikaangua kicheko.

"Maana kwa cheti hiki baba yuko hai," akaendelea, "na tulimzika juzi."

Macho Makavu alikichukua cheti akakisoma. Hakujitetea. Alichapa kingine, akampa kijana kwa mikono miwili. Nilipogeuka nikamwona Mkuu amesimama mlangoni mwa chumba chake, uso unang'aa kama aliyepata mrithi. Miaka kumi na tisa alikuwa anasubiri kosa moja.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kikao cha nidhamu kikaitishwa Ijumaa saa nane, wafanyakazi wote, ukumbini. Kwa kawaida jambo kama hilo huzungumzwa na watu watatu ndani ya chumba. Mkuu alitaka hadhira.

Tulipanga viti mbalimbali kidogo, kwa ajili ya maradhi, na tukafunga madirisha yote, kwa ajili ya vumbi. Akili zetu ziliishia hapo. Mkuu alisimama mbele, akakohoa, akateremsha barakoa kidevuni, maana hakuona mtu wa cheo chake atahutubiaje akiwa amezibwa. Kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alikuwa akiongea ametutazama. Macho Makavu alikaa mstari wa mbele, macho yake mdomoni mwa Mkuu kama kawaida.

"Leo tunajadili dharau," Mkuu alianza. "Tunajadili kiburi na uzembe. Mwenzetu huyu haitikii salamu. Hapokei simu. Haagiziki. Na juzi ameua mtu mzima kwa kompyuta!" Akasubiri kicheko, tukampa. "Una la kujitetea?"

Macho Makavu akasimama.

"Ninalo. Lakini kwanza pandisha barakoa, au waambie hawa wasogeze viti."

"Unasemaje?"

"Jumanne, saa nne kasoro robo, ulikuwa chumbani mwako unaongea na simu. Ulisema, 'Majibu yametoka, kaka, ninao ugonjwa huu. Mama watoto naye anao.' Ukanyamaza, unasikiliza. Kisha ukasema, 'Nilale nyumbani wiki mbili? Naibu akikikalia hiki kiti hatanyanyuka. Nitameza dawa, nitakwenda kazini, nani atajua?' Ukacheka. Ukakohoa."

Hakuna aliyepumua, na kwa kweli ingekuwa vizuri tungeendelea hivyo. Mtu mwenye akili angekana. Mkuu alipandwa na hasira.

"Umesikiliza simu yangu! Mmemsikia? Mlango ulikuwa umefungwa! Simu ya mtu na ndugu yake! Huyu mwanamke anatega sikio mlangoni mwangu!"

"Siwezi kutega sikio," Macho Makavu alisema. "Mimi ni kiziwi. Sijasikia kitu tangu nina miaka tisa."

Haikupita hata dakika, Naibu wa Mkuu alikwisha simama. Naibu ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, na hakumngoja mtu. Waliomfuata waliangusha viti. Yule wa pua nyembamba alipandisha barakoa yake mpaka karibu na macho, akagonga nguzo. Mmoja alipiga kelele, "Mwongo! Kiziwi gani anaongea?" lakini alikuwa anakimbia huku anasema. Mkuu alibaki mbele akitufokea kwamba kikao hakijafungwa.

Nilifika mlango wa uani ndipo nikageuka. Macho Makavu alikuwa bado ndani, ametupa mgongo, anaokota karatasi zilizomwagika. "Dada, toka!" nikamwita. "Dada! Toka humo!" Niliita kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hakugeuka. Na hapo, nikiwa nimeshika kitasa, zikanijia zote kwa pamoja: salamu, simu, vichekesho vya kutazama dirishani, kikaratasi na kalamu. Nilirudi ndani nikamgusa bega.

Ofisi ilifungwa wiki mbili. Tulipimwa, watano walikutwa nao, mimi mmojawapo, ingawa ulinipitia kama mafua. Tarishi alilazwa. Alikuwa ndiye aliyempelekea Mkuu mafaili chumbani, akisimama pembeni ya meza ile akingoja sahihi, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa asubuhi, na barakoa yake ya bluu iliyopigwa pasi. Aliwekewa mashine ya kupumulia. Siku ya kumi na tatu akafariki.

Mimi nilikuwa nimekwisha pona, nikaona nikamwambie Macho Makavu ana kwa ana. Sikuwahi kufika kwake. Alikaa vyumba viwili mwisho wa kichochoro, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea vyuma, mahali ambapo mtu mwenye masikio asingemaliza wiki. Alikaa na mdogo wake, msusi, ambaye aliishi humo na pamba masikioni. Yule mdogo mtu ndiye aliyenifungulia.

"Wewe ndiye wa faili?" aliniuliza. "Yule wa ndoo ya maji?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Aliniambia siku ileile," alisema. "Alicheka, alisema umempatia kweli." Kisha, akipaza sauti kuishinda karakana, alinieleza mambo ambayo miaka kumi na tisa hatukujisumbua kuuliza. Ilikuwa homa kali, wiki tatu, na alipoinuka kitandani dunia ilikuwa imezimwa. Mama yao alimfundisha kusoma midomo mbele ya kioo cha kabati, neno kwa neno, mpaka akaweza kusoma hata mtu aliyekaa ubavuni. Alipopata kazi, shangazi yao alimwonya: "Ukisema husikii, watakupa ufagio. Funga mdomo, fungua macho." Akafanya hivyo.

"Zilipokuja barakoa, ndipo alipokuwa kiziwi kweli," mdogo wake alisema. "Unajua aliniambia nini? Alisema, 'Watu wote wenye adabu wamenyamaza. Ninaowasikia ni wapuuzi peke yao.'"

Macho Makavu alitokea mlango wa nyuma. Nilitoka uani, nikarudi nyuma hatua sita au saba, nikateremsha barakoa.

"Tarishi amefariki," nilisema. "Jana."

"Rudia."

Nilirudia. Alikuwa ameelewa mara ya kwanza, niliona.

Alikaa kwenye kizingiti. Akasema, "Nilijua tangu Jumanne. Nilikaa nalo siku tatu. Ningelisema palepale, wangeniuliza nimejuaje. Nikasema moyoni, ngoja, huenda atajionea haya mwenyewe." Aliniangalia mdomo kama anangoja nimkatalie. Sikumkatalia. "Yule bwana," akasema, nikajua ni Mkuu, "ni takataka, na sikutegemea kitu kwake. Lakini mimi nilijidhania mtu."

Mdogo wake alileta kiti, nikakaa palepale uani mpaka karakana ikafunga.

Ofisi ilipofunguliwa, mjane wa tarishi alikuja dirishani. Alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa safi. Macho Makavu alichapa cheti. Sheria ilitaka kitiwe sahihi na Mkuu, ambaye alikuwa amerudi, kapungua kidogo mashavu, na barakoa mpya ya kuziba nusu ya uso. Alitia sahihi bila kusoma, ileile sahihi yake yenye mkia mrefu, huku akimpa mjane pole na kumkumbusha umuhimu wa kunawa mikono. Sisi wote tulikuwepo, na hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake.

Macho Makavu aliandika malalamiko makao makuu, kurasa mbili. Alikataa kuyapeleka bila mashahidi, akatuzungushia tutie sahihi. Mmoja alisema hakumbuki vizuri. Mwingine alisema siku ile alikaa nyuma. Naibu alisema anaunga mkono kwa moyo wote, ila kalamu yake imeisha wino, na nilipompa yangu akapigiwa simu ghafla. Mimi nilitia sahihi siku ya pili. Siku ya kwanza nilimwambia nitafikiria, na alinitazama akiwa hana mshangao wowote, jambo lililonichoma kuliko tusi.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Mkuu alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, "kwa manufaa ya umma". Tulimfanyia hafla, tukamnunulia saa ya ukutani. Macho Makavu alipewa barua ya onyo kwa kuficha ulemavu wake mwajiri asijue. Barua ilikuwa na makosa saba ya tahajia. Aliyasahihisha yote kwa kalamu nyekundu, akairudisha ilikotoka. Hawakumwandikia tena.

Dirisha la vifo halikuondolewa mikononi mwake, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Alifunga daftari na penseli kwa kamba pembeni ya ile nailoni, wateja wakawa wanaandika, na hakuna aliyekufa tena kimakosa.

Barakoa zilipokwisha ruhusiwa kuvuliwa, watu wa mitaani walizitupa siku hiyohiyo. Ofisini kwetu mambo yakawa tofauti. Wenzangu walijua sasa kwamba amewasoma miaka yote ile, kila umbeya, kila mpango, kila walichosemana wao kwa wao. Akipita, wanaziba midomo kwa viganja. Naibu, ambaye mwishowe alikipata kile kiti, hutoka chumbani amejiziba kwa faili, na ule ukuta wa kioo ameutilia pazia.

Mimi huenda mbele yake nikamwambia ninalotaka kumwambia, uso wazi. Siku moja nilimuuliza kama viganja vile vinamuumiza.

"Waache wajizibe," alisema, kwa ile sauti yake ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Miaka kumi na tisa niliwasoma bure. Hakuna aliyewahi kusema neno la maana."

Yule wa pua nyembamba aliinamia meza. Macho Makavu akagonga kioo cha dirisha lake kwa kidole, akamwita aliyefuata kwenye foleni.